Kabla Hujabadilisha Taa

Mwanangu,

Mama yako ameniambia kwamba umeagiza glopu nyeupe za LED kwa ajili ya ile IST yako, na kwamba kuanzia mwezi ujao utakuwa ukienda Iringa mara kwa mara kwa kazi yako mpya, ukitoka Dar es Salaam jioni baada ya kufunga ofisi. Hukuniuliza, nami sikulaumu, maana kijana aliyenunua gari kwa jasho lake ana haki ya kulipamba apendavyo. Lakini mimi niliyeipata riziki yenu kwenye barabara hiyohiyo ya kwenda Tunduma, nikiwa kwenye usukani wa lori, siwezi kulala na maneno haya kifuani. Macho yangu daktari amekwisha kuyaona yana mtoto wa jicho, na kila jioni ninaposhindwa kusoma maandishi madogo ya gazeti nakumbuka kwamba muda wa kukuandikia kwa mkono wangu mwenyewe haujabaki mwingi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Soma polepole, na ukifika mahali pa kucheka, cheka, mradi umalize.

Kwanza nikupe haki yako. Kutaka kuona vizuri usiku ni akili, na anayekucheka kwa hilo hajawahi kutoka Chalinze kuelekea Morogoro saa tatu za usiku, akakutana na baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa, haina taa wala kiakisi, na mwenye baiskeli amevaa koti jeusi. Huko mbele kuna lori lililovunjika ekseli, limelala nusu ya barabara, na alama yake ni matawi ya miti ambayo utingo ameyavunja porini akayatandaza lami. Kisha unaingia Mikumi, ambako barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na nyati ni mweusi kama usiku wenyewe, na tembo rangi yake ya vumbi haikurudishii mwanga wowote mpaka uwe umemkaribia mno. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku, na ruhusa ilipotolewa mwaka 2023 barabara ile ikaanza kukesha. Kwa hiyo taa zako zina kazi, na mimi sina nia ya kukukataza kuzishughulikia. Ninachotaka ni ujue mwanga wako ulipotelea wapi kabla hujanunua mwingine.

Simama mbele ya gari lako mchana, utazame vioo vya taa. Ni vya plastiki ngumu, wala si vya kioo kama zamani, na jua la nchi hii likishavila miaka kadhaa hupauka, vikawa na ukungu wa manjano. Gari lako lilikuwa na umri wa miaka mingi lilipotoka Japani, na tangu lishuke bandarini linashinda juani Ubungo. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizopauka namna hiyo kikakuta kwamba dimu yake inatoa kiasi cha asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Fikiri juu ya hilo, mwanangu: umepoteza sehemu nne katika tano, na glopu bado ni nzima. Ni sawasawa na jicho langu hili, ambalo daktari anasema nyuma yake halina kasoro, ila ukungu uliotanda mbele unautawanya mwanga kabla haujafika unapotakiwa. Ukiweka glopu kali nyuma ya kioo kilichopauka, ukali wote unatawanyika hovyo, juu na pembeni, barabarani hakifiki kitu, na anayekuja mbele yako ndiye anayeupokea.

Dawa yake ni ya bei nafuu kuliko hizo glopu. Fundi anapiga msasa wa maji, akianza na namba 800 au 1000, anapanda hadi 2000 na zaidi, anang'arisha, halafu anapaka kinga ya jua juu yake. Hiyo kinga usikubali airuke, kwa sababu bila kinga kioo kitarudi manjano kabla ya mwaka kuisha. Na wale vijana wanaosugua taa kwa dawa ya meno pale kwenye foleni, wape shukrani zao uende. Kazi yao inapendeza siku ile tu. Kama kioo kimepasuka kwa ndani au kinaingiza maji, nunua taa nzima.

Ukishasafisha, fuata umeme. Glopu ya H4, ambayo ndiyo iliyoenea kwenye magari madogo kama lako, ina nyuzi mbili, ya fulu wati 60 na ya dimu wati 55, na mwanga wake unategemea sana umeme unaoifikia. Umeme ukipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Magari yetu haya yana waya za zamani, soketi zimeota kutu ya kijani, na ethi imefungwa kwenye bodi lililokwisha kupakwa rangi mara mbili, kwa hiyo betri inaweza kuwa nzima na altaneta ikachaji vizuri, lakini kinachofika kwenye glopu ni makombo. Mwambie fundi umeme apime kwenye soketi ya taa yenyewe, taa zikiwa zinawaka na injini ikiunguruma, asipime kwenye betri tu halafu akakuambia mambo safi. Asafishe ethi. Ikibidi, afunge rilei, avute waya nene kutoka betri ikiwa na fyuzi yake, na swichi ya ndani ibaki na kazi ya kuiamuru rilei tu. Nimeona madereva wengi wakitafuta taa mpya dukani huku nusu ya mwanga wao imekwama kwenye kutu iliyo chini ya boneti.

Na kuna jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya, nalo halihitaji duka: kuzielekeza taa. Mtaka cha mvunguni huinama, na taa ya dimu nayo sharti iiname. Tafuta ukuta na uwanja ulio sawa, jaza upepo matairi kama inavyotakiwa, mtu akae kwenye kiti cha dereva, usimamishe gari mita 10 kutoka ukutani, kisha pima urefu wa katikati ya taa kutoka ardhini. Ule mpaka wa juu wa mwanga wa dimu, pale ukutani, uwe chini ya urefu huo kwa sentimita 10 hivi, na upande wa kushoto uinuke kidogo, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto na ukingo wa kushoto ndiko waliko waenda kwa miguu. Kuna skrubu nyuma ya taa za kurekebishia. Vilevile kwenye magari mengi pana kigurudumu kidogo karibu na usukani, chenye namba kuanzia 0, ambacho wenye magari hukaa nacho miaka bila kukigusa. Ukipakia mizigo nyuma na pua ya gari ikainuka, kizungushe namba ipande, taa zitashuka. Ukitoka Iringa na magunia ya viazi ya shangazi yako kwenye buti, ukakisahau, utawamulika watu machoni hadi Kibaha na wewe ukidhani wanakusalimia.

Sasa nizungumzie hizo LED ulizoagiza, na hapa ndipo najua utakunja uso. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. LED yenyewe haina ubaya. Mwaka 2016 taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, ilipopima taa za magari 31 ya ukubwa wa kati, moja tu lilipata alama ya juu kabisa, Toyota Prius v, na lilipata alama hiyo likiwa na taa za LED za kiwandani na mtambo unaopunguza fulu wenyewe. Gari lilelile likiwa na taa za halojeni bila mtambo huo lilipata alama ya chini kabisa. Lakini zile taa zilichorwa tangu mwanzo kwa ajili ya LED. Taa yako wewe ilichorwa kwa ajili ya uzi mwembamba wa H4 unaowaka mahali pamoja panapojulikana kwa usahihi wa chini ya milimita, na chini ya uzi wa dimu pana kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usigonge nusu ya chini ya kiakisi, kwa maana mwanga unaogonga huko ndio unaoruka juu machoni mwa watu. Ukichomeka humo kitu chenye vipande bapa vya kuwaka pande mbili, vinene kuliko uzi, vilivyokaa mbele kidogo au nyuma kidogo ya mahali pake, kiakisi hakitajua la kufanya na mwanga huo. Utatawanyika.

Na ujanja wake ni kwamba wewe uliyekaa ndani utafurahi. Mbele ya bampa patakuwa peupe kama mchana, utamwita rafiki yako aje aone, mtapigana mabega. Ila mwanga mwingi ulio karibu hufanya mboni ya jicho ijifunge, na jicho lililojifunga halioni mbali, kwa hiyo mita 10 za mbele zitang'aa na yule mwenye baiskeli ya mkaa aliye mita 60 atazama gizani kuliko alivyozama kwa glopu yako ya zamani. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini katika hili macho ndiyo yanayomdanganya mwenye nayo. Kuhusu rangi nitasema kwa kifupi: halojeni inawaka kwenye kelvini 3200 hivi, yenye unjano; hizo za 8000 zenye ubuluu hazikuongezei umbali, ila zinamchoma zaidi anayekuja, na mvua ikinyesha lami inakuwa kama imemezwa. Wanaokuuzia watakuambia ndiyo fasheni. Ni kweli, ni fasheni.

Wapo watakaokushauri uache LED uweke halojeni ya wati 100. Hao usiwasikilize hata kidogo. Waya na soketi za gari lako zilipangiwa mkondo wa ampea 5 hivi kwa kila taa; ukizipitishia zaidi ya 8, plastiki inayeyuka, kiakisi kinaungua, na nimeshuhudia lori la mwenzetu likianza kutoa moshi kwenye taa pale mlima Kitonga, mahali ambapo hapana hata pa kusimama.

Mwanangu, mpaka hapa nimesema habari za vyuma, lakini moyo wangu hauko kwenye vyuma. Nakufahamu tangu ulipokuwa ukitembea kwa kushika kuta, na najua una huruma. Ila nimewaona vijana wenye huruma nyumbani wakipoteza huruma yao mara tu wanapofunga mlango wa gari, kwa kuwa aliye upande wa pili hana uso, ni taa mbili tu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ukimwakia mtu machoni, jicho lake linachukua sekunde kadhaa kurudi, na akiwa mtu mzima kama mimi linachukua zaidi. Mtu wa miaka 60 anapokea ndani ya jicho lake kama theluthi tu ya mwanga anaoupokea kijana wa miaka 20, kisha mwangaza mkali unamsumbua kuliko anavyosumbuka kijana. Hayo mawili yanamkuta kwa wakati mmoja. Huenda basi linalokuja limebeba abiria 60 na dereva wake ana umri wangu. Yeye anatembea 80, wewe unatembea 80, mnakaribiana kwa mita 44 kila sekunde, na kwa sekunde mbili za upofu wake mmekwisha kumaliza karibu mita 90. Unamwondolea macho mtu ambaye uhai wako uko kwenye usukani wake. Hata kama humpendi, jipende wewe.

Wanasema ajali haina kinga, na maneno haya yamechorwa nyuma ya malori mengi. Mimi nimeyabeba nyuma ya lori langu lakini sikuyakubali. Ajali nyingi nilizozipita zilikuwa na kinga, tena ya bei ndogo, mtu akaidharau.

Kwa hiyo ukikutana na gari, uwe wa kwanza kupunguza. Usingoje mwenzako apunguze ndipo nawe ulipe wema. Mpunguzie mapema, kabla ya kona na kabla ya kilele cha mlima, na ukiwa nyuma ya gari jingine punguza pia, kwa kuwa vioo vya pembeni vinamrudishia taa zako usoni. Sisi wa malori tukikutana usiku tulikuwa tukiwashiana indiketa ya kulia, kumwonyesha mwenzako mwili wa gari unaishia wapi, na kwa alama hiyo ndogo watu wasiojuana majina walikuwa wakitunziana watoto. Utakutana na asiyepunguza. Wako wengi, na siku hizi wengine hawawezi kupunguza kwa sababu walishafunga hizo glopu unazozitaka. Siku moja utaudhika, nawe utampigia fulu umkomoe. Najua utafanya, sijaona kijana asiyefanya. Ukishafanya, ukumbuke kwamba sasa mmekuwa vipofu wawili badala ya mmoja, na usirudie. Asipopunguza, ondoa macho kwenye taa zake, tazama mstari mweupe wa ukingo wa kushoto, ondoa mguu kwenye mafuta, umwache apite na hasira yake.

Na hata taa zikiwa nzuri kiasi gani, mwendo wako usizipite. Dimu ya halojeni iliyoelekezwa vizuri inakuonyesha mtu mwenye nguo nyeusi kwenye mita 50 hivi, na mara nyingi chini ya hapo. Ukiwa 60 kwenye lami kavu, tangu uone hadi usimame utatumia mita 45 hivi. Ukiwa 80 zinakaribia 70. Ukiwa 100 zinakaribia 100, maana yake unamgonga kwanza, breki inamaliza kazi baadaye. Mwenda pole hajikwai, walisema watu ambao hawakuwahi kuona gari. Kioo cha mbele nacho kisafishe ndani na nje. Vumbi jembamba linaloganda kwa ndani, ambalo mchana hulioni, usiku linageuka pazia kila mtu anapokumulika. Badilisha wipa kabla ya masika. Hiyo tinti uliyoongeza juu ya kioo, bandua.

Ikiwa baada ya yote haya bado unaona giza, basi nunua, nami nitakuchangia. Nunua glopu za H4 za halojeni, wati 60 kwa 55, za kiwanda kinachojulikana, mbili kwa mpigo, na usishike kioo chake kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huivunja ikipata moto. Zipo zenye nguvu zaidi kwa wati zilezile, zinamulika mbali, ila uhai wake ni mfupi, kwa hiyo weka akiba garini. Ukitaka LED au zenoni kwa dhati, usinunue glopu. Jichange ununue taa kamili yenye projekta iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Na uulize ilitengenezwa kwa nchi za upande gani. Magari ya Japani yanatufaa kwa kuwa wao nao wanaendesha kushoto, lakini taa iliyotengenezwa kwa Ulaya bara, Dubai au Marekani, kama zile za wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo, inainua mwanga wake kulia, na kulia kwetu ndiko anakotoka mwenzako. Muuza spea hatakuambia hilo usipomuuliza. Pengine na yeye halijui.

Hizo ulizoagiza zikifika, usizifunge. Zirudishe, au mpe mtu wa kuzifanya taa ya kibanda. Najua zilikugharimu, na najua asiyesikia la mkuu huvunjika guu ni methali ambayo vijana mmeichoka. Ila mimi nisingependa uje uikumbuke ukiwa Hospitali ya Mkoa Morogoro. Ukikaidi bado wewe ni mwanangu, na mlango huu hautafungwa kwa ajili ya glopu.

Jumamosi leta gari nyumbani tupige msasa vioo, na fundi umeme wangu wa zamani atakuja na mita yake. Ukuta wa ghala la jirani unatosha kwa kuelekeza taa. Na safari hizo za jioni, ukiona jua limekuzamia Morogoro, usiingie Mikumi usiku huo. Lala hapo, unipigie simu hata kama ni saa sita. Chumba nitalipia mimi.

Baba yako